Shahidi wa Asichokiona

Katika lugha ya michezo, Kiswahili kimemteulia neno zuri mtu afanyaye jambo pasi na ujira: huitwa mtu wa ridhaa. Mchezaji wa ridhaa, timu ya ridhaa, ndondi za ridhaa. Wazungu, katika neno lao, waliangalia mapenzi. Mtu huyo kwao ni mpenzi wa jambo. Waswahili waliangalia kitu kingine. Ridhaa ni kukubali kwa moyo. Ni lile neno ambalo kadhi hulisubiri kabla ya kufunga ndoa, na ambalo mzazi humpa mwanawe anapoaga kwenda safari ya mbali. Mapenzi huja bila ya kuitwa na aghalabu huondoka bila ya kuaga. Ridhaa hutolewa, na ikishatolewa humfunga mtoaji.

Miongoni mwa watu wa ridhaa wamo wapiga picha wa nyota. Hawa si wanafalaki wa vyuo vikuu, wala hawalipwi na mtu. Mchana hufanya kazi inayowalisha. Usiku, jirani akishafunga mlango, hupanda darini au hutoka uani na darubini na kamera, wakakesha. Wako walioanza wakiwa vijana na wakaendelea mpaka mgongo ukakataa kuinama. Mtu anaweza kuwatazama akacheka, au akawaonea wivu. Lakini juu ya kazi yao limekaa swali ambalo ni kongwe kuliko kamera: je, mtu aweza kuwa shahidi wa kitu ambacho jicho lake halikukiona? Na kama aweza, amana yake ni ipi?

Swali hili si la kupamba maneno. Jicho la mwanadamu halihifadhi nuru. Linachokipokea sasa hukituma ubongoni sasa, kisha huanza upya kana kwamba halikuona kitu. Mwenye kulitumbulia macho wingu hafifu la mbinguni kwa saa nzima hataona zaidi ya alichokiona pale macho yake yalipokwisha zoea giza. Tena, katika nuru haba, jicho husahau rangi: kila kitu huwa cha kijivu, kama nguo zilizoanikwa zikatazamwa alfajiri. Kamera ina tabia nyingine. Yenyewe ni kama mtungi ulioachwa chini ya mchirizi wa paa usiku wa manyunyu. Tone haliujazi, wala matone kumi, lakini kunapopambazuka umejaa. Hivyo, mpiga picha wa nyota hurudi asubuhi na picha ya kitu kilichokuwa juu ya kichwa chake usiku kucha naye hakukiona. Alisimama nacho uso kwa uso, akapiga miayo, akanywa kahawa, na hakukiona.

Mwaka 1883 Andrew Ainslie Common, mhandisi wa Kiingereza aliyekuwa na darubini yake nyumbani kwake Ealing, London, alilipiga picha wingu kubwa la kundinyota la Orioni, ambalo Waarabu huliita Jabari. Bamba lake la kioo likaonyesha nyota ambazo hakuna jicho lililopata kuziona kupitia darubini. Miaka miwili baadaye ndugu wawili wa Kifaransa, Paul na Prosper Henry, wakapiga picha Kilimia. Hapa yafaa kutua kidogo. Kilimia, Thurayya ya Waarabu, ni nyota za mkulima wa pwani. Jina lenyewe limetoka katika kulima. Vizazi kwa vizazi vilikihesabu, vikakingoja, vikapanga mvua na jua kwa kuchomoza na kuzama kwake. Kama kuna kitu mbinguni ambacho watu waliamini kwamba wanakijua, ni hicho. Na bado, katika picha ya Novemba 1885, mmoja wa dada hao saba alionekana amejifunika ushungi wa ukungu ambao haukupata kuonekana kabla ya siku hiyo. Ushungi haukuwa mpya. Ulikuwapo wakati mababu wanapanda mtama.

Mtungi uliotajwa juu, hata hivyo, haukingi maji safi peke yake. Mwanga wa taa za mji, joto la kamera yenyewe, mtikisiko wa hewa, vyote huingia pamoja na nuru ya nyota na kuitia chenga. Dawa ya siku hizi ni kupiga picha nyingi za mahali pale pale, mia au mia tano, kisha kuzirundika moja juu ya nyingine kwa programu ya kompyuta. Kilicho kweli hurudi mahali pake katika kila picha, na kwa hivyo hukua. Chenga huruka huku na huku na mwisho hupungua nguvu. Hesabu yake ni chungu kwa mwenye haraka: anayetaka picha iliyo safi maradufu hana budi kulipa muda mara nne, na anayetaka mara tatu hulipa mara tisa. Wanazuoni wa hadithi wangeifahamu kanuni hiyo bila ya kompyuta. Habari iliyopokewa kwa njia nyingi zisizotegemeana huaminiwa kuliko ya mpokezi mmoja, hata awe mwadilifu namna gani.

Kuna na jambo jengine ambalo mgeni wa kazi hii hulishangaa. Akishamaliza kupiga picha za mbingu, mpiga picha makini huifunika kamera kwa kifuniko chake akapiga picha za giza tupu, kwa muda ule ule na katika joto lile lile. Picha hizo hazina kitu ndani yake isipokuwa kasoro za kamera: nukta zinazong'aa bila ya sababu, upande mmoja uliopauka kuliko mwengine. Baadaye kasoro hizo huzitoa katika picha za nyota. Yaani, kabla ya kushuhudia juu ya mbingu, shahidi huyu hushuhudia kwanza dhidi ya chombo chake mwenyewe. Mahakamani hilo halijazoeleka.

Mtu wa visiwani ana mzigo wa ziada. Dunia huzunguka, na darubini isiyozunguka nayo huzichora nyota kama mikwaruzo. Basi mtambo wa darubini huelekezwa sawasawa na ncha ya mbingu ili uzifuate. Mzungu wa kaskazini huitafuta nyota ya Jaa, ambayo kwake imesimama juu kama taa ya mnara. Manahodha wa majahazi waliifahamu Jaa kwa kuiona inapanda kidogo kidogo kila walivyokaribia Maskati. Unguja haionekani, iko chini ya upeo. Ncha ya kusini ndiyo iliyo juu, lakini ni digrii 6 tu kutoka upeoni, takriban vidole vinne kwa kipimo cha manahodha wa kale, na huko hapana nyota yenye kutambulika kwa urahisi, pana utando wa bahari na mvuke. Umande huikaa lenzi kabla ya saa sita ya usiku, na chumvi hula skrubu. Wingu dogo la Andromeda, ambalo Abd al-Rahman al-Sufi wa Isfahan aliliandika katika kitabu chake cha nyota mwaka 964, hupita upande wa kaskazini miezi ya mwisho wa mwaka. Anayelitaka kwa kamera hapa hulipata kwa jasho.

Wingu hilo ndilo lililompa Isaac Roberts jina. Roberts alizaliwa Wales mwaka 1829, akalelewa Liverpool, akaingizwa uanagenzi wa ujenzi akiwa kijana mdogo, na kwa miaka mingi akawa mkandarasi wa kujengea watu majumba. Alikaribia miaka 50 aliponunua darubini yake ya kwanza ya maana mwaka 1878. Umri huo wengi huanza kutafuta kiti cha barazani. Yeye alitafuta darubini kubwa zaidi, yenye kioo cha inchi 20, akaiweka Maghull, nje ya Liverpool, kwa fedha zake. Tarehe 29 Desemba 1888 aliliacha bamba lake wazi kwa saa nne mbele ya Andromeda. Lilipooshwa, lile wingu ambalo kwa miaka zaidi ya 900 lilikuwa doa tu lilionekana na mikono iliyojizungusha, mviringo ndani ya mviringo, kama maji yanayoshuka kwenye tundu.

Roberts akafasiri alichokipata. Akasema kwamba hapo unaumbwa mfumo wa jua na sayari zake. Alikosea, na kosa lenyewe halikuwa dogo. Edwin Hubble, kwa nyota moja aliyoitambua katika bamba la mwaka 1923, alikuja kuonyesha kwamba Andromeda ni galaksi nzima iliyo nje ya yetu. Leo inajulikana kwamba nuru yake husafiri miaka milioni 2.5 kabla ya kufika kwenye kioo cha mtu. Tafsiri ya mjenzi yule imezikwa. Bamba lake halikuzikwa. Kila mkono aliouonyesha upo pale alipouonyesha, kwa sababu alipoliosha bamba hakulichonga lifuate dhana yake.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Watu wengi hudhani kwamba ukweli wa picha umo katika kutoguswa kwake. Wakisikia kwamba rangi za picha ya nyota zimeongezwa nguvu, kwamba giza limenyanyuliwa na mwangaza ukashushwa, husema: basi ni uongo. Na kweli, ziko picha mashuhuri ambamo haidrojeni, ambayo nuru yake ni nyekundu, imepewa rangi ya kijani ili itengane na salfa, ambayo nayo ni nyekundu. Aliyepeleka jicho lake huko asingeona kijani. Lakini hoja hii ikikubaliwa yote, hapatabaki picha yoyote ya mbingu ya mbali iliyo ya kweli, kwa kuwa hata ile isiyoguswa inaonyesha nuru ya saa nyingi kwa mpigo mmoja, jambo ambalo hakuna jicho liliwezalo. Picha hizi si kuona. Ni tafsiri ya nuru kuipeleka katika lugha ya jicho.

Wenye kuishi baina ya lugha mbili wanalijua hili. Mfasiri hubadilisha kila neno la asili. Hapana hata moja analoliacha kama lilivyo. Hakuna amwitaye mwongo kwa hilo. Huitwa mwongo siku anapoongeza beti ambalo mtunzi hakulitunga, akalinyamazia. Wanukuzi wa tenzi za pwani waliandika kwa hati za Kiarabu, na waliokuja baada yao wakazigeuza kuwa hati za Kirumi. Irabu zikakisiwa, vituo vikapangwa upya. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyekuwa mshairi, mchongaji na mnukuzi kwa pamoja, alinakili maandishi ambayo leo yamo katika maktaba za Ulaya. Mkono wake unaonekana katika kila herufi, na uzuri wake ni wake. Hilo si kosa. Kosa lina jina jengine, nalo ni ukimya: kubadilisha na kutosema.

Kwa mizani hii inawezekana kuzipima picha za siku hizi. Mwezi mkubwa kama sinia uliobandikwa nyuma ya mnara wa msikiti, kwa lenzi mbili na usiku mbili tofauti, ni uchoraji, na uchoraji ni halali; ukiletwa kwa watu kama tukio lililotokea, ni ulaghai. Mwaka 2023 ilidhihirika kwamba simu ya kampuni moja kubwa, ikielekezwa kwenye picha ya mwezi iliyofifizwa makusudi mpaka ikawa doa jeupe, ilirudisha mwezi wenye mashimo na mabonde yake kamili. Mabonde hayo hayakutoka mbele ya lenzi. Programu ya ndani ilikuwa imefunzwa namna mwezi ulivyo, ikakamilisha. Wengine walilicheka jambo hili, wakauliza: kwani mashimo hayo si ya kweli? Mwezi si ndivyo ulivyo? Ndivyo ulivyo. Lakini shahidi anayeulizwa alichokiona, akajibu kwa yale aliyosoma katika vitabu, hata akisema kweli tupu, ushahidi wake haupo. Usiku ambao mwezi ungekuwa na jambo jipya usoni mwake, simu hiyo ingelifuta jambo hilo kwa adabu, ikaweka mwezi wa jana.

Pwani hailioni geni suala la kuona. Kila Shaabani ikifika 29, watu hutoka ufukweni na juu ya mapaa wakaelekea magharibi, na kila mwaka huzuka mabishano ya nani ameuona mwezi, na wapi, na kwa nini, kama kweli umeonekana. Tarehe 8 Julai 2013, saa 4 na dakika 14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, Mfaransa mmoja, Thierry Legault, mpiga picha wa ridhaa aliyebobea, aliupiga picha mwezi mwandamo katika dakika ile ile ambapo kwa hesabu za falaki wa zamani hufa na mpya huzaliwa. Aliupiga mchana, jua likiwaka, mwezi ukiwa chini ya digrii 5 kutoka kwenye jua, kwa miale ya infraredi ambayo jicho haliipokei. Ni uzi mwembamba kabisa, uliokatikakatika. Na mwezi huo ndio uliokuwa wa Ramadhani ya mwaka 1434.

Je, ulionekana? Kamera iliupata, hapana mtu aliyeuona wala atakayeuona, kwa sababu hapo alipo jicho halina njia ya kumfikia. Aliyesema kwamba saumu hufuata kuonekana kwa mwezi alizungumza juu ya jambo linalopita baina ya mtu na upeo wa magharibi, jioni, mbele ya watu wenziwe. Picha ya Legault haimpingi wala haimuungi mkono. Inashuhudia jambo jengine: kwamba kitu kinaweza kuwapo kikamilifu, kikawa na umbo na mahali, na bado kisiwe cha kuonwa. Mwenye kuichukua picha hiyo akaitupa katika mabishano ya mwandamo ameitumikisha kazi ambayo si yake. Shahidi mzuri hujua pia ushahidi wake unaishia wapi.

Lakini kwa nini uaminifu huo uwe jambo zito kiasi hiki? Mpiga picha wa ridhaa hana mwajiri wa kumkagua. Akifuta doa lisilompendeza, hakuna atakayejua. Anaweza kusema kwamba picha ni yake, usiku ni wake, na doa ni lake.

Mwaka 1966 Evered Kreimer, Mmarekani aliyepiga picha za nyota kwa ridhaa yake huko Arizona, alilipiga picha wingu liitwalo M78 katika Orioni. Picha ilikuwa nzuri, ikachapishwa, ikatazamwa na wengi, watu wakasonga mbele. Januari 2004 mtu mwengine wa ridhaa, Jay McNeil wa Kentucky, akiwa na darubini ndogo ya inchi 3, alipiga mahali pale pale. Alipoichunguza picha yake akaona kiwingu ambacho hakikumo katika ramani. Wanafalaki wakakielekezea darubini kubwa za dunia: nyota changa ilikuwa imewaka ghafla na kuliangaza vumbi lililoizunguka. Kiwingu kikapewa jina la McNeil. Kisha likaja swali: je, nyota hii iliwahi kuwaka kabla? Watu wakarudi kufukua picha za zamani, moja baada ya moja, na nyingi hazikuwa na kitu. Katika picha ya Kreimer kilikuwamo. Kilikaa humo miaka 37 bila ya mtu kukitambua, Kreimer mwenyewe akiwamo. Kufikia mwisho wa mwaka 2018 kiwingu cha McNeil kilikuwa kimefifia tena hata hakionekani.

Kama Kreimer angelikidhania uchafu wa bamba akakifuta, asingemdhulumu mtu aliyemjua. Angewadhulumu watu ambao baadhi yao walikuwa hawajazaliwa, kwa kuwaondolea kitu ambacho yeye hakujua anacho. Zamani mtu aliyesafiri aliweza kumwachia jirani furushi lililofungwa. Jirani hakuulizwa kama anajua kilichomo, na kutojua kwake hakukumpa ruhusa ya kulifungua akatoa alichokiona hakina maana. Picha ya mbingu ni furushi la namna hiyo. Mwenye kulishika hajui kilichomo, na hii ndiyo sababu ya kutolipunguza. Lau angejua, pengine angeweza kuchagua.

Furushi kwa kawaida hufunguliwa na wengine. Mara chache hufunguka mikononi mwa mwenyewe. Septemba 2016, juu ya paa la nyumba yake mjini Rosario, Argentina, fundi wa kufuli aitwaye Víctor Buso alikuwa akijaribu kamera mpya. Kwa sababu ya taa za mji hakuweza kuiacha wazi kwa muda mrefu, akapiga picha fupi fupi za sekunde 20 za galaksi moja iliyokuwa juu ya kichwa chake. Katika picha za mwanzo hamkuwa na kitu cha ajabu. Katika zilizofuata ikaonekana nukta, na nukta hiyo ikazidi kung'aa. Ilikuwa nyota inayolipuka, naye alikuwa ameikuta katika saa yake ya kwanza, jambo ambalo wanafalaki walikuwa wakilitafuta kwa miaka. Jarida la Nature likalichapisha mwaka 2018. Bahati? Bila ya shaka. Lakini bahati hiyo ingepotea kama zile picha za mwanzo, zisizo na kitu, zingalitupwa. Bila ya hizo, nukta isingekuwa na saa ya kuzaliwa.

Na Andromeda yenyewe, kitu ambacho huenda kimepigwa picha kuliko galaksi nyengine yoyote, ilikuwa bado ina neno. Mwaka 2022 Mfaransa Yann Sainty, pamoja na wenziwe wa ridhaa Marcel Drechsler na Xavier Strottner, walipata katika picha zake upinde mkubwa wa nuru ya oksijeni kando ya galaksi hiyo. Hapana kituo cha falaki kilichokuwa kimeutambua. Jambo la kwanza walilolifanya lilikuwa kuutilia shaka. Wakarundika nuru ya saa zaidi ya 100, na upinde ukatafutwa kwa darubini nyengine na mahali pengine kabla ya kutangazwa Januari 2023. Upinde huo uko karibu na Andromeda au uko karibu nasi, bado inabishaniwa.

Haya yote hayamjibu mtu mwenye kuuliza swali la nyumbani. Mke, au mume, anayelala peke yake usiku wote wa kusi kavu ana haki ya kuuliza. Fedha za darubini zingeezeka nyumba. Picha bora kuliko zote, zilizopigwa kutoka angani, hutolewa bure na mtu yeyote aweza kuzitazama. Na walio kama McNeil na Buso ni wachache mno. Maelfu ya wengine watakesha miaka thelathini na hawatagundua chochote. Anayewatetea kwa kuhesabu ugunduzi amewatetea vibaya, kwani kwa hesabu hiyo takriban wote wamepata hasara.

Utetezi wao uko katika lile neno la michezo. Mtu wa ridhaa hakuahidiwa kitu. Amekubali muda mara nne kwa picha maradufu, akakubali umande, akakubali kwamba anachokilinda hakijui na huenda asikijue mpaka afe. Ziko kazi nyingi ambamo uaminifu wa mtu hauwezi kutenganishwa na mshahara wake, na mwenyewe hawezi kusema kama anasema kweli kwa sababu ni kweli au kwa sababu ya mwisho wa mwezi. Hapa pana uaminifu usio na malipo wala mkaguzi, na anayeuona ni mwenye kuutenda peke yake, usiku. Kama hilo ni fidia ya kutosha kwa anayelala peke yake, ni jambo la kuulizwa nyumba kwa nyumba, na katika baadhi ya nyumba jibu litakuwa hapana.

Roberts, kwa upande wake, alioa tena akiwa mzee. Mwaka 1901 alimwoa Dorothea Klumpke, mwanafalaki aliyezaliwa Marekani, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha falaki cha Paris. Miaka hiyo ya mwisho Roberts alikuwa akimaliza kazi isiyo na utukufu. William Herschel, karibu karne moja kabla yake, alikuwa ameorodhesha sehemu 52 za mbingu ambazo alisema zimetandwa na ukungu. Roberts alizipiga picha zote. Katika 48 hakuona ukungu wowote, akasema hivyo. Mmarekani Barnard, bingwa wa kazi hiyo katika zama hizo, akampinga: baadhi ya ukungu huo upo, alisema, na kama bamba halikuuonyesha basi ni udhaifu wa bamba. Barnard alikuwa na haki yake. Mtungi ulio mtupu haushuhudii kwamba mvua haikunya.

Roberts alifariki mwaka 1904. Mjane wake aliyahifadhi mabamba kwa miaka 25, na mwaka 1929, miaka mia tangu mumewe azaliwe, akazichapa zile sehemu 52 kuwa atlasi. Hakuziacha nje zile zilizomletea mumewe mabishano. Zimo kama alivyoziacha: kurasa nyingi za nyota, na katikati ya nyota, pale Herschel aliposema pana ukungu, giza.